Jenereta la boti likizima usiku: namna ya kutafuta tatizo hatua kwa hatua

Msimu mmoja wa kusi niliitwa pwani asubuhi na mapema. Boti ya mtando ilikuwa imerudi bila dagaa, na nahodha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba fundi. Hili jenereta limetutia hasara. Usiku wa jana peke yake limezima mara tisa."

Vijana wake walikuwa wamelifungua kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, huko huko baharini kwa tochi ya simu. Jeti, kile kipande kidogo chenye tundu la kupitisha mafuta, ikawaponyoka, ikaingia kwenye ngama, chini kabisa ya boti, ikapotelea humo kwenye maji machafu. Nikafunga jeti nyingine, nikavuta kamba mara moja, likawaka. Nikaliacha juu ya mchanga lingurume karibu nusu saa, wala halikukohoa. Kisha nikashika fremu yake, nikaliinua upande mmoja kama boti inavyoinuka ikipigwa wimbi la ubavuni. Likazima papo hapo. Nikalilaza sawa, nikavuta, likawaka tena. Kabureta haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Jenereta la boti huumwa maradhi yale yale ya jenereta la dukani, ila baharini yanaongezeka mambo matatu: kuyumba, chumvi, na mafuta yaliyochanganyika na maji. Fundi wa mjini asiyeyazingatia hayo matatu atakufungulia mashine nzima akakurudishia na tatizo lake. Hapa nazungumzia zaidi yale madogo ya petroli ya kilowati 2 hadi 3, yenye injini ya kuvuta kamba, yanayowasha taa za kuvutia dagaa. Ya dizeli yanayokaa ndani ya boti kubwa nitayagusa mbele.

Kabla hujashika spana

Zima, funga koki ya mafuta, chomoa kofia ya plagi (ile inayotoa cheche ya kuwasha injini). Boti ina maji sakafuni na wewe una miguu mitupu, na volti 230 hazijali kama wewe ni fundi au baharia. Waya wa taa usiguswe wakati mashine inazunguka, hata ule ambao "umezimwa kwenye swichi".

Usijaze petroli mashine ikiwa ya moto. Ngoja ipoe, hata kama watu wanapiga kelele kwamba dagaa wameshapanda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hauruki ukapotea, unashuka chini kwenye ngama na kutulia humo ukisubiri cheche. Ndiyo maana jenereta la petroli halifungiwi chini ya sitaha wala ndani ya kibanda.

Jambo la tatu watu hulipuuza zaidi. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi. Mvua ikinyesha, wavuvi hutandika turubai na kujikunyata chini yake, jenereta likiwa hatua mbili pembeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na baharini kila mtu atasema huyo kashikwa na bahari. Baharia aliyezoea maji miaka kumi akianza kutapika usiku wa mvua, zima jenereta kwanza, mpeleke penye upepo, halafu ndiyo muulizane. Ekzosi siku zote ielekee upande ambao upepo unakwenda.

Limekataa vipi?

Usianze kufungua. Anza kuuliza, na umuulize yule aliyekuwa karibu nalo, maana mwenye boti aliyelala nyumbani hajui kitu. Je, liligoma kuwaka kabisa? Liliwaka kisha likazima lenyewe? Au linanguruma vizuri ila taa haziwaki? Haya ni magonjwa matatu tofauti, na sehemu ya kutazama ni tofauti. Swali la nne ni la ziada lakini limeniokolea siku nyingi: nini kilibadilika jana? Dumu jipya la mafuta, taa mbili zilizoongezwa, oili iliyobadilishwa, wimbi lililoingia ndani. Mara nyingi jibu liko hapo.

Likiwaka kisha likazima lenyewe

Hili ndilo la boti hasa. Yako mambo matatu, nayo yanatofautishwa kwa namna mashine inavyokufa.

Likikatika ghafla, pwa, kama mtu kazima swichi, na hasa boti ikilala upande, shuku sensa ya oili. Ndani ya tumbo la injini kuna floti inayoelea kwenye oili. Oili ikipungua floti inashuka, inaunganisha waya na bodi (chuma cha injini), moto wa plagi unakatika. Ni kinga nzuri, maana bila hiyo pistoni ingegandana na silinda. Tatizo ni kwamba boti ikiinama, oili inakimbilia upande mmoja, floti inabaki hewani, na mashine inaamini oili imekwisha. Vitabu vya mashine nyingi za aina hii vinaruhusu kuinama hadi digrii 20 tu. Wakati wa kaskazi bahari imetulia hutaliona tatizo hili. Kusi likianza, simu za mafundi zinaanza kuita.

Fanya hivi. Weka jenereta mahali palipo sawa, fungua kijiti cha oili, ujaze mpaka oili ifike ukingoni mwa tundu. Injini nyingi za ukubwa huu zinachukua kama desilita 6, na nusu ya desilita ikipungua nchi kavu hutajua, baharini utajua. Kisha lisogeze jenereta katikati ya boti ambako kuyumba ni kidogo kuliko omo au tezi, ulifunge kamba pande nne juu ya mpira au tairi kuukuu. Likiendelea, lizungushe robo: kama lilitazama mbele, litazame ubavu. Boti huyumba zaidi ubavuni kuliko mbele na nyuma, na floti haikukaa katikati ya injini, kwa hiyo mwelekeo mmoja huwa na nafuu kuliko mwingine. Nahodha wa kisa changu tulimalizia hapo. Hatukununua kitu.

Wapo wanaochomoa waya wa sensa, mara nyingi ni wa njano, na kwenda nao hivyo baharini. Kwa kupima dakika mbili, oili ikiwa imejaa, sina ubishi: ukichomoa na likaacha kuzima, umempata mwizi. Lakini kuliacha hivyo msimu mzima ni kununua injini mpya kwa awamu. Ukiamua kwa kukosa njia, basi kijiti cha oili kitazamwe kila linapojazwa mafuta, na awepo mtu mmoja ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Likififia polepole, likakohoa, likafa baada ya dakika kumi au ishirini, kisha likakubali kuwaka ukilipumzisha, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia "fssss" ya hewa kuingia, umepata jibu. Kifuniko kina tundu dogo la kupumulia, na chumvi na vumbi huliziba. Mafuta yanashuka, hewa haiingii, tanki linajinyonga. Zibua kwa sindano. Kwa usiku huo legeza tu kifuniko, ila ukikinge kwa kitambaa ili maji ya wimbi yasiingie.

Likikohoa na kuruka ruka, likapokea kisha likakataa, tazama maji kwenye mafuta. Chukua chupa safi ya plastiki inayopenyeza mwanga. Chini ya bakuli la kabureta kuna bolti ndogo ya kumwagia, kwa nyingi ni spana namba 10. Ilegeze ukinge yanayotoka, kisha iache chupa itulie. Maji ni mazito, yatakaa chini kama lenzi, na ukitikisa utaona matone yanatembea peke yake chini ya petroli. Ukiyaona, mwaga bakuli mara mbili tatu huku koki ya mafuta ikiwa wazi, mpaka itoke petroli tupu. Halafu nenda kwenye dumu, maana maji hayakuzaliwa kwenye kabureta. Dumu la njano lisilo na kifuniko kizuri, likikaa nje usiku kucha, hukusanya umande na maji ya wimbi. Toa mafuta juu kwa mpira, acha vidole vinne vya chini visiguswe.

Likikataa kuwaka kabisa

Injini ya petroli inahitaji moto (cheche ya plagi), mafuta na mgandamizo (hewa kubanwa ndani ya silinda). Nenda kwa mpangilio huo huo, kwa sababu moto ndio rahisi kupima na ndio chumvi inaoupenda.

Lakini kwanza vitu vya aibu. Swichi iko "on"? Koki ya mafuta imefunguliwa? Mafuta yapo? Oili ipo? Nimeshapanda bodaboda kwenda mwalo mwingine kufungua koki tu, nikalipwa, na mwenye mali hakuwa na furaha.

Toa plagi, uitazame. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila hayawaki, au mmelinywesha mafuta kupita kiasi kwa choki (kile kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha). Nyeusi yenye masizi makavu ni hewa haiingii, tazama chujio. Ya rangi ya kahawia kama maandazi ndiyo nzima. Isugue kwa brashi ya waya, upime nafasi ya ncha: inatakiwa milimita 0.7 hadi 0.8. Huna kipimo? Kipande cha msumeno wa chuma kina unene wa kama milimita 0.6, kipite kwa ulegevu kidogo.

Sasa moto. Funga koki, futa petroli iliyomwagika, ngoja mvuke uondoke. Rudisha plagi kwenye kofia yake, ibane kwa koleo lenye mpini wa mpira, mwili wake uguse chuma cha injini mbali na tundu la plagi, mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu inayosikika "ta, ta" ni nzuri. Ya njano dhaifu, badilisha plagi kwanza. Hakuna kabisa hata kwa plagi mpya? Hapo watu hukimbilia kununua koili (inayotengeneza umeme wa cheche), na mara nyingi wanapoteza hela.

Swichi ya kuzimia na sensa ya oili zote hufanya kazi kwa njia moja, kuupeleka moto wa koili kwenye bodi. Maji ya chumvi ndani ya swichi yanaweza kufanya kazi hiyo hiyo bila kuombwa. Kwa hiyo chomoa ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi, upime moto tena. Moto ukirudi, koili ni nzima, swichi au waya ndiyo mgonjwa. Kausha, sugua, paka grisi. Ukiliwasha waya ukiwa nje, kumbuka swichi haitalizima tena, utalizima kwa kufunga koki ya mafuta. Moto usiporudi, fungua kava ya feni, sugua kutu kwenye sumaku ya flaiwili (gurudumu zito la injini) na kwenye miguu ya koili, halafu upange nafasi kati yao. Kadi ya biashara inatosha kwa kubahatisha, kipimo chenyewe ni kama milimita 0.3. Hapo tu ndipo koili ilaumiwe.

Moto upo, plagi kavu? Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta na ufungue koki. Yakitiririka vizuri, tatizo liko ndani ya kabureta. Yakidondoka kwa mashaka, ni chujio la koki au tundu la kifuniko. Kabureta yenyewe, nakuomba, ifunguliwe nchi kavu, juu ya sinia. Jeti zake mbili zizibuliwe kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, si kwa waya wa chuma unaokwangua tundu likapanuka. Jeti ndogo ikiziba, mlio unapanda na kushuka wakati hakuna mzigo. Kubwa ikiziba, linanguruma vizuri kisha linakufa ukiwasha taa, au linakaa sawa choki ikiwa nusu tu.

Mgandamizo si wa kufanyia kazi baharini. Kamba ikivutika laini kama hakuna kitu ndani, valvu au ringi zimechoka, rudini nyumbani.

Linanguruma lakini taa haziwaki

Anza mwisho, si mwanzo. Chomoa taa zote, bonyeza breka (swichi inayojikata mzigo ukizidi) irudi, chomeka taa moja ambayo unajua ni nzima. Ikiwaka, jenereta halina shida, tafuta waya uliolowa au taa iliyoingia maji. Zichomeke moja moja, ile inayoangusha breka ndiyo yenyewe. Piga pia hesabu. Taa nne za halojeni za wati 500 ni wati 2,000, na jenereta lililoandikwa kilowati 2.5 kwenye boksi, mara nyingi hicho ni kiwango cha kilele, mzigo wa kudumu ni pungufu. Taa za LED nane za wati 100 ni wati 800 tu, na hapo mafuta yanabaki hadi alfajiri.

Taa ikikataa, chukua mita, iweke kwenye volti za AC, pima kwenye soketi bila mzigo.

Kama inasoma 220 hadi 240, umeme upo, soketi au waya ndivyo vimeliwa na chumvi. Ikisoma sifuri kabisa, tazama breka na waya zilizokatika ndani. Ikisoma volti chache, mbili, tatu, tano, hapo kuna habari: jenereta linazunguka na sumaku ndogo ya asili iliyobaki kwenye rota (sehemu inayozunguka), ila haliongezewi nguvu. Makosa yanabaki matatu: kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota), AVR (kidhibiti cha volti), au rota.

Zima. Fungua kava ya nyuma, upande wa pili wa injini. Utaona kiboksi cha AVR na kishikio cha kaboni mbili zinazogusa pete mbili za shaba. Toa kishikio. Kaboni zikibaki fupi kuliko nusu sentimita, badilisha. Pete zikiwa na ukungu wa kijani, hiyo ni chumvi, zisafishe kwa msasa laini sana ukizungusha injini kwa kamba plagi ikiwa imechomolewa, kisha futa vumbi. Kwa boti, nadhani nusu ya majenereta "yasiyotoa umeme" niliyoletewa yaliishia hapa. Kabla ya kurudisha, pima rota kati ya pete hizo mbili kwa ohm: mashine za ukubwa huu kwa kawaida husoma makumi ya ohm. Ikisoma wazi, yaani umeme haupiti kabisa, waya wa rota umekatika. Pima pia kutoka pete kwenda kwenye shafti, hapo isisome kitu.

Rota ikiwa nzima, kuna jaribio moja la betri ambalo linamaliza ubishi kati ya fundi na muuza vipuri. Chomoa waya za AVR zinazokwenda kwenye kaboni. Chukua betri ya volti 12, chanya kwa kaboni ya chanya, hasi kwa hasi, washa injini, pima soketi. Volti zikipanda vizuri, hata zisipofika 230, rota na steta (sehemu isiyozunguka) ni nzima. Zima, toa betri, rudisha AVR, washa tena. Likitoa umeme kamili, sumaku yake ilikuwa imefifia tu, na betri imelirudishia. Likirudi kwenye zile volti tatu, nunua AVR, si jenereta.

Vile vidogo sana vya injini ya "two-stroke" (oili huchanganywa na petroli) mara nyingi havina kaboni wala AVR, vina kapasita, nayo hubaki na umeme hata baada ya kuzima. Iguse ukishaikutanisha ncha zake kwa bisibisi yenye mpini mzuri.

Neno kuhusu skrubu ya gavana (kidhibiti cha kasi ya injini). Taa zikififia, wapo wanaoikaza ili mashine iongeze mbio. Mashine hizi hutoa umeme wa masafa ya hezi 50 zikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na hapo ndipo pake. AVR itaendelea kushikilia volti zile zile, wewe utabaki na kelele, mafuta mengi na injini iliyochoka. Siku AVR ikishindwa, volti zitaruka na LED zote zitakufa kwa pamoja.

Dizeli lililo ndani ya boti

Likizima baada ya kuishiwa mafuta au kubadilishiwa chujio, lina hewa kwenye njia ya dizeli. Legeza skrubu juu ya chujio, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Likipata joto na kujizima, tazama ekzosi: lazima iteme maji ya bahari muda mfupi baada ya kuwaka. Yasipotoka, zima, angalia valvu ya chini inayoingiza maji ya bahari, chujio lenye majani ya bahari au mfuko wa plastiki, na mwisho impela ya mpira (gurudumu la pampu ya maji), ambayo bawa zake zikikatika lazima vipande vitafutwe, vinakwenda kuziba mbele. Na usilikomalie stata muda mrefu huku valvu ya maji iko wazi. Injini isiyowaka haina nguvu ya kuyasukuma maji nje ya ekzosi, yatajaa na kurudi ndani ya silinda.

Mfuko wa kwenda nao

Plagi mbili na spana yake. Oili nusu lita. Kamba ya akiba. Seti ya kaboni, na AVR ya aina ileile kama mfuko unaruhusu. Mita ndogo, bisibisi mbili, koleo, spana namba 10, msasa laini, chupa tupu, tochi ya kichwani. Vyote ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Mkirudi, lifute kwa kitambaa kilicholowa maji ya bomba, usilimwagie maji kwa ndoo. Mwezi ukipevuka na boti zikapumzika, funga koki uliache lingurume mpaka life lenyewe, ili bakuli la kabureta libaki kavu. Na giza likirudi, usilijaribu jioni mkiwa mmeshapandisha wavu. Liwashe mchana ufukweni, taa zote zikiwaka, kwa dakika ishirini, halafu wawili wenu mshike fremu na mliinamishe kidogo kushoto, kisha kulia.